Swali la Baada ya Chai

Vijana wa kliniki ya akili waliniaga kwa keki, hotuba na kiti cha plastiki chenye mikono, na kabla sijakikalia sawasawa wakaniletea kazi. Wanataka kuanza utafiti juu ya watu walioshindwa kuachana na intaneti. Wanauliza kama huo ni ugonjwa wa akili unaojitegemea, au ni dalili tu ya ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Wakasema, mzee Ekiru, wewe ulikuwa kwenye utafiti wa kwanza wa namna hii hapa Isiolo, tuandikie mambo yalivyokuwa. Nikawaambia kwamba siku hizo hata simu ya posta ilikuwa ya kupangia foleni. Wakasema si kitu, andika tu. Basi naandika. Vyeo nitaviruka kwa kuwa vilichelewa, na mishahara nitairuka kwa kuwa mnaijua.

Nilizaliwa mjini hapa hapa. Baba yangu alichunga ng'ombe wa serikali kwenye uwanja wa karantini, kwa hiyo nyumbani nilisema Kiturkana, malishoni nikajifunza Kiborana, na Kisomali nikakiokota dukani nilikotumwa sukari. Hizo lugha ndizo zilizonipa kazi, si alama zangu za mtihani. Baada ya kusomea uuguzi wa akili Nairobi, nilirudi hospitali ya wilaya katikati ya miaka ya sabini nikiwa na viatu vipya na maneno mengi ya vitabuni. Watu wote wakaniita daktari. Nilijaribu kuwasahihisha kwa mwezi mmoja hivi, kisha nikachoka.

Aliyenipokea ni Sista Nkatha, mama wa Kimeru mwenye mwendo wa haraka na sauti ya chini. Siku ya kwanza alinipa shada la funguo akanionyesha moja moja. "Hii ni ya stoo. Hii ni ya dawa. Hii ya chumba cha mwisho. Hii ya chumba cha mwisho nikiona unaitumia kila siku, nitajua mgonjwa ni wewe." Chumba cha mwisho ndimo tulimofungia waliochachamaa. Hakupenda kabisa kifungwe, na mimi niliyekuwa nimefundishwa namna ya kumkamata mtu kwa mikono minne nilimwona kama mtu wa kucheza na hatari. Baada ya wiki chache nilielewa. Mgonjwa akipiga kelele, Sista alikwenda akaketi chini karibu naye, akatoa kitambaa chake cha kufuma, akafuma. Wengi walinyamaza ili waone anafuma nini.

Dawa zetu zilikuwa chache. Kulikuwa na moja ya kutuliza ambayo tuliidunga kwa sindano ya kioo peke yake, kwa sababu sindano za plastiki iliziyeyusha, na harufu yake ilikaa katika pumzi ya mgonjwa, katika shuka, na katika chapati zangu. Mchumba wangu wa wakati ule alidhani nimeanza pombe ya ajabu. Naeleza haya ili mnaolalamika kuhusu ukosefu wa intaneti wodini mjue mna bahati.

Sista Nkatha ndiye aliyenifundisha kuangalia kucha na miguu kabla ya macho. Alisema kila mtu anajua kupanga uso wake akiona koti jeupe, lakini miguu haijui kama daktari amefika. Mengine yote niliyajifunza kwa kukosea pamoja na wengine, na kosa kubwa lilikuja na Daktari Mutiso.

Daktari Mutiso alitumwa kwetu mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, na landrova na masanduku ya karatasi za maswali. Alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya akili, mrefu, mpole, mpenda sukari, na alitaka kujua ni watu wangapi huko vijijini wanaougua bila kufika hospitali. Mimi nilipewa kazi ya kuwa mkalimani wake, mpishi wake, na mtu wa kusukuma landrova. Tulizunguka Leparua, Gotu, mpaka Garbatulla, tukiketi mbele ya kila boma na kuuliza. Swali la kwanza lilikuwa: unalala vizuri? La pili: unakula vizuri? La tatu: moyo wako umetulia?

Waborana wakajibu nagaa, yaani amani. Waturkana wakajibu ejok, yaani ni vizuri. Wasomali wakajibu alhamdulillahi. Boma kwa boma, amani tupu. Kule Leparua mama mmoja alituambia nyumba yake yote inalala vizuri na kula vizuri na kutulia moyo, na nyuma yake mwanawe mtu mzima alikuwa ameketi akiutazama ukuta wa udongo. Majirani walituambia alikuwa ameutazama tangu mvua zilizopita. Daktari Mutiso aliandika alichoambiwa, kwa sababu utafiti ni kuandika unachoambiwa. Jioni alinitazama akasema, "Ekiru, kama hizi karatasi ni za kweli, watu wa Nairobi waletwe hapa watibiwe na hawa wachungaji."

Ni katika siku hizo ndipo Haji Farah alipotuletea mdogo wake.

Haji Farah alikuwa tajiri wa malori. Babu zao waliletwa hapa na Waingereza wakiwa askari, wakastaafu, wakafungua maduka, na wajukuu wakanunua magari. Mdogo wake, Yusuf, alikuwa amewahi kuwa dereva bora wa njia ya Garbatulla. Siku aliyoingia kliniki hatukumwona yeye kwanza, tulisikia taarifa ya habari. Alikuwa amebeba redio begani, imevikwa ngozi, na mahali pa eriali iliyovunjika amechomeka spoku ya baiskeli.

"Hii redio imekula ndugu yangu," Haji Farah akasema. "Asubuhi redio, chakula redio, choo redio. Stesheni ikifunga anasikiza ile kelele ya shhh. Gari hawezi endesha tena. Bibi yake amerudi kwa baba yake na mtoto. Sasa nawaambia nyinyi watu wa serikali, nawapa mpaka Idd ipite. Kama hakuna dawa, mimi nachukua hii redio navunja, na yeye napeleka kwa ngamia huko ndani ya Garbatulla. Akikataa, atafungwa kamba."

Alisema hivyo akilia, na mjue Haji Farah hakuwa mtu wa kulia. Kisha akatueleza kwa nini aliogopa jambo lile lile alilopanga kulifanya. Walikuwa wameshamfichia redio mara moja. Saa sita mchana walimkuta Yusuf ameketi katikati ya barabara kuu, ametazama upande yanakotoka malori, na dereva aliyemkwepa alikuwa amejitupa na gari lake mtaroni. Yusuf mwenyewe aliposikia kisa hicho kikisimuliwa aliongeza sauti ya redio kidogo.

Daktari Mutiso akamuuliza yale maswali. Unalala vizuri? Alhamdulillahi. Unakula? Alhamdulillahi. Moyo umetulia? Alhamdulillahi, daktari. Kwenye karatasi akawa mtu mwenye afya kamili anayependa habari. Nilitazama miguu yake kama nilivyofundishwa. Vidole vilikuwa vimekunjamana ndani ya kandambili kama anayekanyaga breki.

Daktari alisisimka sana. Jioni ile tukiwa tunaosha landrova akaanza kufikiri kwa sauti. Mtu anaweza kuwa mtumwa wa pombe, hilo tunalijua. Anaweza kuwa mtumwa wa miraa, hilo watu wa Isiolo wanalijua kuliko vitabu. Je, anaweza kuwa mtumwa wa chombo ambacho hakiingii mdomoni wala damuni? Kama anaweza, basi huo ni ugonjwa mpya, na dawa yake ni kumtenga na hicho chombo pole pole. Mimi nilisema Yusuf anatafuna miraa kwa siri. Tulibishana mpaka maji yakaisha. Sote wawili hatukuwa na habari.

Wiki iliyofuata tulikuwa Gotu. Tulilala katika nyumba ya mwalimu, na Daktari Mutiso, kwa ajili ya ile sukari yake, alishikwa na jino. Alilia usiku kucha, na ukuta ulikuwa mwembamba. Asubuhi shavu lilikuwa limeumuka kama andazi. Tukatoka, na kwenye boma la kwanza mama mzee wa Kiborana akatupokea: mmelalaje?

"Vizuri sana, mama," akasema Daktari Mutiso kupitia kwangu. "Na nyinyi mmelalaje?"

Kisha akasimama pale pale. Akanishika mkono. "Ekiru. Mimi nimelala vizuri?"

"Hapana, daktari. Umelia kama mbuzi wa Idd."

"Basi kwa nini nimemwambia huyu mama nimelala vizuri?"

"Kwa sababu amekusalimia."

Maneno yaliyonitoka yalikuwa yamenishtua mwenyewe. Miezi mizima tulikuwa tukiwaendea watu na salamu, nao kwa adabu walikuwa wakituitikia. Hapa kwetu mtu haweki shida yake mlangoni. Ukiulizwa umelalaje, unatoa amani kwanza, hata kama umetoka kuzika, kwa sababu amani ndiyo inayomkaribisha mgeni ndani. Habari zenyewe huja baadaye. Mimi mzaliwa wa hapa nililijua hilo tangu utotoni, na kwa kuwa nililijua mno sikuliona. Ilihitaji jino la daktari mgeni, Mkamba.

Yule mama mzee hakuwa na haraka na sisi. Alituketisha, akatupa chai ya maziwa iliyotiwa moshi wa kibuyu, akangoja tumalize. Alipopokea vikombe ndipo akamwelekezea daktari kidole. "Haya. Na hilo shavu?" Daktari Mutiso akamweleza jino lote, tangu lilipoanza mpaka alivyofikiria kuling'oa kwa koleo ya landrova. Alipomaliza, mama akatueleza kuhusu bintiye aliyejifungua na ambaye hakutaka kumshika mtoto. Hatukuwa tumemuuliza.

Tangu siku hiyo tulibadilisha kazi. Sanduku la maswali lilibaki garini mpaka chai iishe. Na hata baada ya chai hatukuuliza juu ya kulala na kula. Tuliuliza juu ya kazi: nani alinywesha mbuzi jana, nani aliacha kwenda kisimani, ukimaliza kukamua unafanya nini, na ukikaa bila la kufanya inakuwaje. Tulirudi Leparua, na mama wa yule kijana wa ukutani alitueleza mengi hata tukalala huko. Kijana huyo alianza dawa, na ingawa hakupona kabisa, aligeuka akaupa ukuta mgongo. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti.

Idd ilikuwa inakaribia. Tulimrudia Yusuf.

Tulimkuta nyuma ya ghala la kaka yake, karibu na lori lake la zamani lililoshushwa magurudumu. Chai ililetwa kwenye thamosi, maziwa ya ngamia, na tukainywa bila kuongea, redio ikitangaza bei ya mahindi. Juu ya bati alikuwa ameanika mawe ya redio, ndivyo tulivyoita betri, yapate jua na kurudiwa na nguvu. Alikuwa na mawe ya aina mbili: ya kutumia, na ya kuanikwa. Nikaanzia hapo.

"Yusuf, walaal, ndugu yangu, haya mawe ya zamu yakiisha kabla ya haya mengine kupata jua?"

"Naomba dukani."

"Na duka likifungwa?"

"Naenda karibu na posho mill. Ile mashini ya kusaga inapiga kelele mzuri."

"Na mashini ikizimwa?"

Akakiangalia kikombe chake kitupu. Daktari Mutiso alikuwa na hamu ya kuuliza, nikamkanyaga mguu.

"Ikizimwa naskia lori," Yusuf akasema. "Iko nyuma. Inakuja. Mimi naangalia, hakuna lori. Lakini inakuja."

Akaeleza. Miaka michache nyuma lori lake lilinasa katika mchanga wa laga, ule mto mkavu unaokata njia ya Garbatulla. Mbingu ilikuwa safi. Tanboi wake, yaani utingo, kijana wa Kiturkana aliyeitwa Esekon, alishuka kuweka matawi chini ya magurudumu. Yusuf, akiwa kwenye usukani, akasikia muungurumo nyuma yao, akafikiri ni lori lingine. Akafurahi kwamba wamepata wa kuwavuta. Hata akapiga honi. Yalikuwa maji, ya mvua iliyonyesha mbali huko milimani. Yeye alitolewa na mguu uliovunjika. Esekon aliokotwa chini sana, akazikwa huko huko.

"Nilipiga honi," akarudia. "Nilifurahi."

Daktari Mutiso alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Sasa mtauliza, kwa nini Haji Farah hakutuambia jambo hili siku ile ya kwanza? Hakutuficha. Wazee wa pande mbili, Wasomali na Waturkana, walikuwa wameketi, wakasemezana, wakamaliza. Jambo likishamalizwa na wazee halifunguliwi tena, na anayelifungua ndiye mkosaji. Kwa hiyo familia nzima ilikuwa imelifunga kwa uaminifu, na Yusuf alikuwa wodini na mguu wake ukining'inia wakati wa kikao. Hakuwepo lilipofungwa. Mama yake Esekon pia hakuwepo, kwa kuwa ni mwanamke. Watu wawili ambao jambo lile lilikuwa lao kweli ndio ambao hawakuwahi kulisema, na walikaa katika mji mmoja. Yusuf alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mlangoni kwa mama yule. Zamani alikula kwake.

Daktari Mutiso alimwanzishia vidonge vya kuondoa huzuni, akamwambia vitachukua wiki kadhaa, na akaamuru redio isiguswe. "Redio haikumla mtu," aliniambia tukiondoka. "Redio ni dawa aliyojiandikia mwenyewe. Dozi ndiyo mbaya." Ugonjwa wake mpya aliuweka kando kwa muda, na naamini ilimuuma kidogo.

Lakini vidonge peke yake havikumtosha. Tulimwendea Haji Farah tukamwomba Yusuf apelekwe kwa mama yake Esekon. Haji akasimama.

"Hapana. Hiyo maneno wazee walifunga. Nyinyi mnataka Waturkana waseme sisi tumevunja amani?"

"Haji," nikamwambia, "mimi ni Mturkana, na najua ilifungwa. Hatutafungua. Lakini kumsalimia mama, wazee walikataza?"

Akafikiri. Aliketi, akasimama, akaketi. Alikuwa kati ya sheria aliyoiheshimu na ndugu aliyempenda, na nilimwonea huruma.

"Salamu haikukatazwa," akasema mwishowe. "Salamu tu. Nyinyi mtaenda na yeye, na mtarudi na yeye."

Idd ilipita na Haji hakuvunja redio. Tukaenda baada ya siku chache, Yusuf, mimi na daktari, na redio begani. Mama Esekon aliishi ukingoni mwa mji, akisuka vikapu vya majani ya mkoma, ndugu yake mnazi. Alituona tangu mbali. Hakusimama, lakini alisogeza majani yake ili pawe na nafasi tatu.

"Ejok," Yusuf akasema. Kiturkana chake kilikuwa cha barabarani.

"Ejok. Habari ya nyumbani?"

"Salama, mama."

"Mtoto?"

"Mzima."

"Mguu?"

"Mguu iko sawa."

Amani kwa amani, kama inavyotakiwa. Akatupikia chai ya rangi. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, jina baada ya jina, na ilibaki kidogo nimwombe Mungu ailetee redio hiyo ugonjwa wa kuinyamazisha. Mama alikunywa taratibu. Tulipomaliza akakusanya vikombe, akavifunika, akachukua kikapu chake akaanza tena kusuka. Mimi nikadhani imekwisha, tumesalimia, turudi.

"Yusuf," akasema bila kuinua kichwa.

"Naam, mama."

"Siku hiyo, mtoto yangu alikuwa amekula?"

Yusuf akajibu, lakini hakuna aliyesikia. Mtangazaji alikuwa na sauti nene.

"Zima hiyo kitu kidogo," mama akasema. "Sikusikii."

Nilimwangalia daktari, naye akaniangalia. Sote tulikuwa tunafikiria ile barabara kuu na lile gari mtaroni. Yusuf alishika kitufe cha redio, akakaa amekishika. Kisha akakizungusha, tiki. Palikuwa kimya hata nikasikia majani ya mkoma yakisuguana. Nikaangalia miguu yake. Vidole vilikuwa vimekunjamana. Alikuwa anangoja lile lori.

"Alikula?" mama akauliza tena.

"Alikula, mama. Alikula chapati yake yote, halafu akakula na yangu. Akasema yangu haina chumvi, lakini akakula."

Mama Esekon akacheka. Alicheka kwanza, na kilio kikaja ndani ya kicheko. "Huyo ni yeye," akasema. "Huyo ni mtoto yangu kabisa." Akaulizia alikuwa amevaa shati gani, na kama alikuwa anaimba, kwa maana alikuwa mtu wa kuimba vibaya. Yusuf akamjibu yote. Hawakusema neno moja la yale waliyofunga wazee. Waliongea juu ya chapati, shati na nyimbo, mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Sijui ni wakati gani vidole vya Yusuf vilinyooka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifuta machozi kwa koti la serikali.

Msidhani alipona siku hiyo. Njiani kurudi aliwasha redio tena, ila kwa sauti ya kawaida ya binadamu. Alikwenda kwa mama yule kila wiki, na kila wiki redio ilizimwa muda mrefu zaidi. Vidonge navyo vilifanya kazi yao. Muungurumo haukukoma mara moja, lakini alisema sasa ukija anaujua ni wa nini, anauacha upite. Zamzam, mkewe, alirudi na mtoto. Na miaka ya themanini ilipoanza, lile lori lilirudishiwa magurudumu. Safari yake ya kwanza ya Garbatulla, Mama Esekon alimsukia kikapu cha chapati, nazo, nilihakikisha mwenyewe, zilikuwa na chumvi nyingi mno.

Nisiwadanganye vijana wangu kwamba kila asiyeweza kuachana na chombo amebeba jambo zito. Baadaye mjini ilifunguliwa nyumba ya kuonyesha video, na tukaletewa mwalimu mmoja aliyeacha darasa akahamia humo. Tulimpa chai mara nyingi, tukamuuliza juu ya kazi, usingizi, wazazi na marehemu wote wa ukoo. Hakuwa na lolote. Alipenda tu kuona watu wakipigana mateke. Huyo alihitaji mkewe amfuate mlangoni, na mkewe alimfuata. Daktari Mutiso, aliyekuja kututembelea wakati huo akiwa na pengo zuri mahali pa lile jino, alicheka akasema huenda ugonjwa wake mpya haujafa.

Sista Nkatha alistaafu, Daktari Mutiso akaenda kufundisha, Mama Esekon akazikwa, na Yusuf akalia kama mwanawe. Mimi nikaendelea na funguo. Ya chumba cha mwisho nilimrithisha fundi, akafanya mlango wake kuwa meza.

Mwezi uliopita muuguzi kijana, Nasibo, alitaka kujaribu maswali yake ya intaneti kabla ya utafiti kuanza. Nikampeleka kwa Yusuf, ambaye ndevu zake sasa ni nyekundu kwa hina. Nyumbani kwao kuna mjukuu wa kike, Nasra, aliyerudi kutoka chuo bila kusema sababu, na tangu hapo hajainua uso kutoka kwenye simu. Baba yake alikuwa ameshasema ataivunja.

Nasibo akaketi mbele ya Nasra na kompyuta yake ya mkononi. "Unalala vizuri?"

"Poa," Nasra akasema, macho kwenye simu.

"Unakula vizuri?"

"Poa."

Nasibo akabonyeza, akabonyeza. Mimi nilifungua mdomo nimkatize, lakini mwenye nyumba alinitangulia.

"Binti," Yusuf akamwambia Nasibo, "weka hiyo kitu chini. Zamzam, leta chai."

Chai ikaletwa, ya maziwa ya ngamia, na tukainywa sote bila kuongea. Baba ya Nasra alitikisa goti. Vikombe vilipokusanywa, Yusuf alijikokota kwenye mkeka mpaka akafika karibu na mjukuu wake, mguu ule wa zamani ukiwa umenyooka mbele yake.

"Nasra," akamwambia. "Ukizima hiyo, unaskia nini?"

Msichana akamtazama babu yake. Akaitazama simu. Kisha akaizima, akaiweka mkekani, na sisi wengine tukamngojea.